.416 Rigby, .416 Remington au .404 Jeffery: kwa mbogo ushike ipi?

#1 Kijana_wa_Kisauni
Assalaam alaykum. Najua humu wamo waliokaa Bara kwenye vitalu vya uwindaji, nao ndio ninaowatafuta. Wengine karibuni pia, ila matani yawe kidogo.

Mimi mtu wa Kisauni, Unguja. Niko chini ya mwindaji bingwa mmoja upande wa Selous, na msimu ukifunguliwa Julai nitakuwa nabeba bunduki yangu mwenyewe nyuma ya mgeni. Mgeni ndiye anayewinda. Mimi kazi yangu ni kumzuia mbogo aliyejeruhiwa asitufikie. Stoo kwa bosi zipo tatu, kaniambia nichague. Moja ni CZ 550 ya .416 Rigby, nzito khasa. Nyengine ni Remington 700 ya .416 Remington Magnum, hii nyepesi zaidi na bolti yake (komeo la kuingizia na kutolea risasi) inateleza vizuri. Ya mwisho ni Mauser ya zamani ya .404 Jeffery, rangi ya mtutu imeshakwisha pale mkono unaposhika, na shingo ya kitako imezungushiwa waya wa shaba pahala palipopasuka.

Zote tatu zinarusha kichwa cha greni 400, yaani gramu 26 hivi. Kila ninayemuuliza anaapia yake. Mbogo akija, tofauti iko wapi?

#2 Pweza_Mkavu
Wa alaykum salaam. Mnyama mkali niliyewahi kukabiliana naye mimi ni ng'ombe wa gari aliyekata kamba Darajani. Nimekaa mkao wa kula.

#3 Mzee_Matambwe
Kijana, chukua .404 ukalale.

Nimefanya kazi ya uaskari wanyamapori mpaka nikastaafu, sasa niko Wete napalilia mikarafuu. Hiyo .404 ilikuwa ndiyo bunduki ya idara tokea wakati wa Mwingereza. Tanganyika walikuwa nayo, Kenya, Uganda, mpaka Rhodesia ya Kaskazini. Tembo waliovamia mashamba ya watu wakiondoshwa kwa hiyo. Serikali iliipendea mambo mawili: ni ya bolti, kwa hiyo bei yake haifiki hata robo ya zile za midomo miwili, na teke lake askari wa kawaida analistahimili. Inakusukuma begani, haikuchapi. Askari anayeiogopa bunduki yake utamjua tu, anafumba macho kabla ya kufyatua. Mtu huyo mpe kaliba yoyote unayotaka, atapiga majani.

#4 Hesabu_Chake
Salaam wote. Mimi nasomesha fizikia, bunduki sijawahi kushika, lakini hesabu hazina mwenyewe.

.404 ya asili: greni 400 kwa mita 650 kwa sekunde. Nguvu inayotoka mtutuni ni kama joule 5,470. .416 Rigby ya mwaka 1911: uzito huo huo kwa mita 720 hivi, inakuja joule 6,700. .416 Remington ni hizo hizo 6,700, maana Remington walipoitoa mwishoni mwa miaka ya 1980 walikusudia khasa ifanane na Rigby. Kwa hiyo Mzee wangu wa #3 anampa kijana bunduki yenye nguvu pungufu kwa asilimia 18, tena yenye kichwa chembamba, kwani .404 ni ndogo kuliko .416.

#5 Fundi_Kikwajuni
Mwalimu, joule zako sawa. Unene ndio uliokupiga chenga. Kichwa cha .404 Jeffery ni inchi .423, milimita 10.75. Cha .416 ni milimita 10.57. Hiyo unayoiita nyembamba ndiyo nene. Majina ya risasi za Waingereza usiyafanye rula.

Na hizo mita 650 ni za kodaiti, baruti ya zamani. Leo viwanda vinaitia .404 mpaka mita 700. Ipige tena hesabu yako uone asilimia 18 imebakia ngapi.

#6 Hesabu_Chake
Inabakia 5 au 6. Ahsante. Lakini Mauser yenyewe imefungwa waya kitakoni, Fundi! Nani ataitia risasi za kisasa hiyo? Kwa bunduki ile hesabu yangu ya kodaiti ndiyo inayofaa.

#7 Ummu_Nassor
Niruhusuni na mimi. Nilishika stoo ya kambi ya uwindaji kabla sijaolewa nikarudi Mkoani. Nyinyi mnabishana begani na mtutuni, mimi nitawaambia ya kwenye rafu.

Mgeni mmoja alikuja na .416 Remington nzuri mno, mbao inang'aa. Begi la risasi halikufika, lilibaki uwanja wa ndege alikobadilisha ndege. Bwana yule akaja stoo kwa furaha, kasikia tuna maboksi ya .416. Nikamtolea. Yote Rigby. Nikaziweka mbili mezani, moja yangu na moja aliyokuwa ameisahau mfukoni mwa koti. Ya Rigby nene, tumbo pana, kitakoni imenyooka. Ya kwake nyembamba, ina ukanda wa shaba umeizunguka juu ya kitako. Kichwa kile kile, gramu zile zile, na moja haifai kabisa kwenye chemba ya mwenzake, lile tundu la mtutu risasi inapokaa. Akaishia kuazima .375 ya kambi, na mbogo akampata.

Sasa Kijana, usiulize mbogo. Uliza stoo ya bosi wako ina maboksi ya nini. Mashirika ya ndege mengi hayamruhusu mtu zaidi ya kilo 5 za risasi, kwa hiyo usitegemee mgeni atakuletea.

#8 Pweza_Mkavu
Ummu Nassor kafunga kazi. Uzi ufungwe.

#9 Kobe_wa_Changuu
Haufungwi kirahisi hivyo. #7 kaeleza tatizo la maboksi, si la risasi. Mimi nimebeba .416 Remington Bara misimu kadhaa na nasema ndiyo yenye akili. Ganda lake limetokana na .375 H&H (kupitia 8mm Remington Magnum), kwa hiyo linaingia kwenye bunduki ya urefu ule ule wa .375. Rigby ganda lake nene, linataka mashine kubwa, na mashine kubwa ndiyo uzito. Utembee nayo tokea alfajiri mpaka adhuhuri unafuata nyayo kwenye mchanga, ndipo utajua. Mbogo anatoka pale ambapo mkono umeshachoka na bunduki iko begani badala ya mkononi.

#10 Mzee_Matambwe
Kwa hili la uzito Kobe anasema kweli. Kwa jengine lolote hapana.

#11 Fundi_Kikwajuni
Kobe umesahau presha. Kipimo cha Ulaya kinairuhusu .416 Rigby bar 3,250 tu. .404 Jeffery bar 3,650. .416 Remington bar 4,300. Kazi moja, lakini Remington anaifanya kwa kubana zaidi kwenye ganda dogo.

Kwa nini Rigby walifanya ganda kubwa lenye nafasi tele? Kodaiti ilikuwa ikibadilika na joto. Risasi iliyopimwa Uingereza kwenye baridi, ukiiacha juani India au Afrika, presha inapanda. Ganda likivimba na kung'ang'ania chemba, bolti haifunguki, na mnyama yuko pale pale. Ukilipa nafasi kubwa na presha ndogo, joto halikufanyi kitu. Kwa hali ya hewa ya Selous mwezi wa Oktoba, ndio maana nasema Rigby.

#12 Kobe_wa_Changuu
Hiyo hoja ni ya 1911, yakhe. Baruti za leo nyingi zimetengenezwa zisijali joto. Na .375 H&H, ambayo kila mwindaji Afrika anaiapia, kipimo chake cha Ulaya ni bar 4,300 hizo hizo. Mbona hamuilalamikii? Imepigwa juani kwa miaka mingi na maganda yanatoka.

#13 Fundi_Kikwajuni
Inatoka kwa sababu ganda la .375 limechongoka. Linajipunguza kuelekea mdomoni, ukilivuta kidogo tu linaachia. La kwako limenyooka kama bomba, upande mzima unagusa chemba.

#14 Kobe_wa_Changuu
Bomba! Haya, bomba langu halijakwama.

#15 Msasi_Makunduchi
Assalaam alaykum. Mimi msasi wa kwetu huku Kusini Unguja, nguruwe wanaotumalizia mihogo. Hatuna Rigby wala Jeffery, tuna mbwa, mikuki na marungu, na nyavu kwa wale wanaojua kuzitega. Nawasoma mnavyozungumzia joule. Nguruwe dume aliyezingirwa na mbwa anakujia chini kabisa, kimo cha goti, na hupati nafasi ya kuhisabu. Anayesalimika ni yule ambaye miguu yake iko sawa. Na huyo mbogo anakuja vipi, kichwa juu au chini?

#16 Mzee_Matambwe
Swali zuri kuliko yote mpaka sasa. Mbogo anakuja kichwa juu, pua mbele, anakutazama. Pembe anaziinamisha mwisho kabisa, akishakufikia. Ndio maana kumpiga ubongo kwa mbele ni kazi, lile pembe la juu ya utosi limekaa mfano wa ngao, na mtu akipiga juu kidogo risasi inaparaza na kwenda zake. Lenga puani au chini kidogo ya mstari wa macho, kwa jinsi kichwa kilivyokaa.

Akiwa ubavu na hajakuona: fuata mguu wa mbele, panda mpaka theluthi ya chini ya kifua. Moyo uko chini kuliko watu wanavyodhani. Wageni wengi wanapiga katikati ya mwili kwa mazoea ya swala wa kwao, wanapasua tumbo, halafu sisi ndio wa kuingia vichakani.

#17 Pweza_Mkavu
Msasi, hao mbwa wako ukishawagusa unajiosha mara ngapi?

#18 Msasi_Makunduchi
Mara saba, moja kwa udongo. Na mihogo yako ya Ramadhani inatoka kwenye shamba nililolilinda. Kula unyamaze.

#19 Mjuzi_Malindi
Nyote mnahangaika bure. W.D.M. Bell, yule Mskochi aliyeitwa Karamojo, aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa 7x57, risasi ndogo ya Mauser ambayo leo watu wanaipigia swala. Kaliba kubwa ni woga tu. Ukijua ubongo uko wapi, nusu ya uzito huo inatosha.

#20 Mzee_Matambwe
Bell alikuwa na shabaha ambayo wewe na mimi hatuna. Alikuwa akipasua mafuvu ya tembo aweke akilini njia ya ubongo kwa kila upande. Alikuwa akichagua tembo wake, muda wake na upepo wake. Mtu anayesimama nyuma ya mgeni hachagui chochote. Mbogo ameshapigwa vibaya na mtu mwengine, majani yamefika kifuani, na wewe ndiwe unayetangulia. Kisha ujue sheria ya Bara: kwa wanyama wa khatari .375 ndiyo mwanzo. Ukienda na 7x57 yako utapambana na askari kabla ya mbogo.

#21 Hesabu_Chake
Zimbabwe wao wameweka kwa namna ya kifizikia zaidi, milimita 9.2 na joule 5,300. Napenda sheria inayotaja joule.

Lakini nina swali, maana hesabu zangu hazinipi raha. Kama joule ndio ukweli wote, .375 ya greni 300 kwa mita 770 ina joule 5,760, inaishinda .404 ya asili. Waliozibeba zote mbili wanasema .404 inamtikisa mbogo zaidi. Wanadanganyika?

#22 Fundi_Kikwajuni
Hawadanganyiki. Joule inazidisha kasi kwa kasi, kwa hiyo risasi nyepesi ya mbio inaonekana kubwa kwenye karatasi. John Taylor, yule Muairishi aliyewinda Msumbiji, alikuja na kipimo chake: uzito mara kasi mara unene, ugawe kwa 7,000, kwa vipimo vya Kiingereza. .375 inapata kama 40, .416 kama 56. Kipimo chake kinaupa unene na uzito haki yao.

#23 Hesabu_Chake
Nimekiangalia. Hicho si kipimo cha fizikia, Fundi, ni maoni yaliyovalishwa kanzu ya hesabu. Kwa kipimo hicho jiwe la kombeo litamshinda bastola. Hakuna sababu unene uzidishwe moja kwa moja hivyo. Mimi ningeangalia kina: uzito ukigawanywa kwa unene mraba. Hapo .416 inapata .330, .404 inapata .319, .375 inapata .305. Zote zinapenya. Nyembamba yenye uzito ule ule inapenya zaidi, na kwa hiyo .416 iko mbele ya .404 kidogo sana.

#24 Mzee_Matambwe
Mwalimu, ungekuwa na sisi siku zile tungekuweka mbele ukampimie mbogo kina.

#25 Ami_Mkokotoni
Nimepita kimya tokea mwanzo. Mnajua Harry Selby, yule mwindaji wa Kenya aliyehamia Botswana baadaye, aliipataje .416 Rigby aliyojulikana nayo maisha yake yote? Alikuwa na .470 ya midomo miwili, gari ikaikanyaga. Akaenda dukani Nairobi kutafuta nyengine, akaikuta .416 ya bolti, akaichukua kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Leo watu wanaandika kurasa na kurasa kueleza hekima ya chaguo lake.

Niko na Ummu Nassor wa #7. Kilicho kwenye rafu.

#26 Kobe_wa_Changuu
Na kwenye rafu Rigby ilikaribia kupotea kabisa. Kiwanda cha Kynoch kiliacha kutengeneza risasi hizi za Kiingereza kuelekea 1970, wenye Rigby wakabaki na bunduki za kutundika ukutani mpaka Wamarekani walipoanza kuzitengeneza tena mwishoni mwa miaka ya 1980. .404 iliteseka vivyo hivyo. Ndio maana .458 Winchester ya 1956 ilijaa kila kambi.

#27 Mzee_Matambwe
.458! Usinikumbushe. Walilijaza ganda fupi baruti ya kushindiliwa. Kisanduku kikikaa sana kwenye joto, baruti inagandamana donge moja, haiungui yote. Unapiga, mlio unakuja mdogo, risasi inatoka imechoka. Nimesimama nyuma ya mwenzangu akampiga ndovu, nikausikia mlio ule, nikajua tu leo tunakimbia. Tulikimbia.

#28 Fundi_Kikwajuni
Alichokisema Mzee kinajulikana, kilitokea sana miaka ya 1960 na baada yake. Siku hizi baruti zimebadilika, .458 Winchester ya leo haina ila hiyo. Ndiko ilikozaliwa .458 Lott: Jack Lott alitupwa na mbogo Msumbiji mwaka 1959 akiwa na .458 Winchester, akapona, na 1971 akatoka na ganda refu zaidi la milimita 71, greni 500 kwa mita 700. Na ukiishiwa, chemba ya Lott inapokea risasi fupi ya Winchester ikapigwa. Kama bosi angekuwa na Lott, mjadala wa maboksi ungekuwa mwepesi.

#29 Pweza_Mkavu
Mbogo kamtupa mtu, mtu kaenda kubuni risasi. Mimi akinitupa nabuni njia ya kurudi Forodhani.

#30 Kijana_wa_Kisauni
Ahsanteni. Nimefuata maneno ya Ummu Nassor, nimeingia stoo. Maboksi ya Rigby ndiyo mengi, ngumu (kichwa kisichotanuka) na laini (kinachotanuka) zote. Za Remington zipo kidogo, laini tupu. Za .404 nimekuta boksi moja la karatasi lililolowana siku nyingi. Nimezimimina kitandani: maganda yana kijani shingoni pale yanaposhika kichwa, na moja kichwa kinazunguka ukikiminya kwa vidole.

Nimezipiga zote tatu kwenye karatasi, .404 kwa risasi nzima alizoniazima jirani wa kitalu cha pili. Mzee Matambwe yuko sawa, ile ni ya kistaarabu, bega halikulalamika. Rigby uzito wake unaisaidia, inapanda taratibu. Remington inachapa shavu, na mlio wake umenibakia masikioni mpaka Magharibi. Lakini nikiinyanyua ghafla, Remington ndiyo inayokuja usoni peke yake, macho yanakuta alama ya mbele bila kutafuta. Mauser inakuja hivyo hivyo. CZ naitafuta, kitako chake kirefu kwangu.

#31 Fundi_Kikwajuni
Hizo za kijani usizipige, wala usizisugue. Mpe bosi azikabidhi panapohusika. Kitako kirefu kinakatwa, kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayejua. Ila mwambie bosi kwanza, bunduki ni yake.

Na kuna jambo hakuna aliyeligusa. Mauser na CZ zina ukucha mrefu unaolishika ganda tokea linapotoka magazini mpaka linapotupwa nje. Remington 700 inalisukuma tu ndani, ukucha mdogo unaliuma mwisho. Mtu aliyeshtuka anasukuma bolti nusu, anaivuta tena. Kwenye Mauser risasi ile imeshashikwa, inarudi na bolti na kutupwa nje. Kwenye Remington inaweza kuiachia ndani, ukisukuma tena ikaleta nyengine nyuma yake, zikabanana mbili. Tofauti ya kweli baina ya bunduki zako tatu iko hapo. Joule ziacheni shuleni.

#32 Kobe_wa_Changuu
Umeandika "mtu aliyeshtuka". Mfundishe asishtuke. Askari wa nchi ngapi wanatumia 700 kwa kulenga mbali, nayo haibanani.

#33 Fundi_Kikwajuni
Huyo wa kulenga mbali amelala tumboni na hakuna anayemkimbilia.

#34 Kobe_wa_Changuu
Na mimi nimekimbiliwa nikiwa nayo, na niko hapa naandika. Nilisukuma bolti mpaka mwisho kwa sababu kila jioni nilikuwa nafanya mazoezi na maganda matupu. Ukucha mrefu haufanyi mazoezi kwa niaba yako.

#35 Mzee_Matambwe
Nyote wawili mna hoja. Kijana, fanya hivi. Zijaze zote tatu kwa risasi utakazobeba kweli, si nyengine. Elekeza pahala pa salama, bolti uivute kwa nguvu zote, kisha polepole, kisha bunduki imelala ubavu, kisha imeelekea juu. Kuna bunduki inakubali risasi ya mviringo ikakataa ya bapa mdomoni. Inayokataa mara moja tu, iache stoo. Kaliba baadaye.

#36 Mjuzi_Malindi
Na zote tatu zikikubali?

#37 Mzee_Matambwe
.404.

#38 Ummu_Nassor
Mzee, risasi zake zina kutu!

#39 Mzee_Matambwe
Zinaagizwa.

#40 Ami_Mkokotoni
Hapo kwenye ngumu na laini napataka. Kijana kasema Remington wana laini tupu. Kwa anayesimama nyuma ya mgeni mimi ningetia ngumu zote. Mbogo anayekimbia mbali na wewe unampiga kwa nyuma, risasi inatakiwa ipite matumboni mpaka kifuani. Laini itatanuka na kusimama njiani.

#41 Kobe_wa_Changuu
Ya kwanza laini, zilizobaki ngumu. Na kama wako kundini, ngumu inatoka upande wa pili inampata wa nyuma yake, ukawa na majeruhi wawili na kibali cha mmoja.

#42 Fundi_Kikwajuni
Siku hizi kuna laini za shaba tupu zisizo na madini ya risasi ndani, zinatanuka lakini hazivunjiki, zinakwenda mbali kuliko laini za zamani. Kwa hizo sioni haja ya kuchanganya, isipokuwa ndovu. Ndovu ni ngumu tu.

#43 Mzee_Matambwe
Kwa anayefuata majeruhi kichakani ni ngumu zote. Kundi limeshaondoka, amebaki yeye na wewe. Niko na Ami.

#44 Hesabu_Chake
Nimepiga hesabu ya mbogo wa kilo 700 anayekuja kwa mita 12 kwa sekunde. Kani mwendo yake, yaani uzito mara kasi, ni zaidi ya mara 400 ya ile ya .416. Hakuna bunduki ya kubebwa inayomsimamisha kwa kumsukuma. Anasimama kwa sababu kitu ndani kimekatika, mfupa au ubongo au uti wa mgongo.

#45 Pweza_Mkavu
Mwalimu leo umeniogopesha kuliko ng'ombe wa Darajani.

#46 Mjuzi_Malindi
Kwa hiyo nilivyosema #19 kuhusu Bell...

#47 Mzee_Matambwe
Usirudi huko.

#48 Msasi_Makunduchi
Samahani kuwatoa njiani. Babu yangu alikuwa akisema chui wa Unguja waliwindwa wakamalizwa baada ya Mapinduzi, na 2018 kamera ya wageni ikatoa picha wakasema ni yeye, wengine wakabisha. Kama yupo bado huku msituni, kwa chui kaliba gani?

#49 Ami_Mkokotoni
Kwa huyo simu yenye kamera nzuri. Ukimpiga risasi chui wa mwisho wa Unguja, usije na uzi humu.

#50 Kijana_wa_Kisauni
Nimefanya ya #35. Mauser imekubali kila kitu. CZ imekubali ngumu zote na laini za bapa inazishika mdomoni, lazima uisukume kwa nguvu. Remington imekubali, ila nilipoisukuma nusu kwa makusudi nikaivuta tena kama alivyosema Fundi, zimebanana mara mbili. Nimemwambia bosi aagize .404. Kasema ataagiza ngumu za Rigby zaidi, na CZ ipelekwe kwa fundi ikatwe kitako na kuchongwa njia ya risasi.

#51 Kobe_wa_Changuu
Ulisukuma nusu kwa makusudi!

#52 Mzee_Matambwe
Mauser hiyo bosi wako anaifanyia nini sasa?

#53 Kijana_wa_Kisauni
Kasema itabaki stoo, Mzee. Mgeni mmoja kila mwaka huomba kupiga nayo picha.

#54 Msasi_Makunduchi
Na nguruwe je? Hamjanijibu tokea #15.

#55 Ummu_Nassor
Fungua uzi wako, Msasi. Na mbwa wabaki nje.